George Chesney na vita ambavyo havikupiganwa: kwa nini hadithi ya mwaka 1871 iliitikisa Uingereza, na kwa nini mtunzi wake amesahaulika?

#1 Kurasa_za_Kale

Wanajamvi, salaam. Mwezi Mei mwaka 1871 jarida la Blackwood's la Edinburgh lilichapisha hadithi isiyo na jina la mtunzi, iitwayo The Battle of Dorking. Mzee mmoja anawasimulia wajukuu zake mambo yaliyotokea miaka 50 nyuma, wakati yeye alipokuwa karani wa serikali jijini London na askari wa kujitolea. Adui anayezungumza Kijerumani, ambaye nchi yake haitajwi, anaziteketeza manowari za Uingereza kwa silaha ngeni za baharini, anashusha jeshi, anaivunja safu ya ulinzi kwenye vilima vya Dorking, kisha anaikamata karakana kuu ya silaha ya Woolwich. Baada ya hapo hakuna tena cha kupigania. Makoloni yanaondoka, biashara inakufa, na dola iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani inabaki nchi maskini inayolipa fidia.

Toleo lile lilirudiwa kuchapwa, kisha hadithi ikatolewa peke yake kama kijitabu cha peni sita, na nakala zaidi ya 80,000 zikanunuliwa kwa muda mfupi. Ilipofika Septemba, Waziri Mkuu Gladstone aliona ni lazima aikemee hadharani alipohutubia mjini Whitby. Sijui hadithi nyingine fupi iliyomfanya waziri mkuu apande jukwaani kuijibu.

Mtunzi alikuwa Luteni Kanali George Tomkyns Chesney, mhandisi wa jeshi la India. Leo kila msomaji anamjua H. G. Wells, lakini Chesney hajulikani hata kwa wengi wanaopenda vitabu vya aina hii. Maoni yangu ni kwamba yeye ndiye aliyeanzisha hadithi za uvamizi, na kwamba amesahaulika kwa sababu aliificha sura yake tangu mwanzo. Naomba maoni yenu.

#2 Mwalimu wa Kitale

Ahsante kwa uzi mzuri, lakini hoja zako zote mbili zina tatizo.

Kwanza, Chesney hakuwa wa kwanza. Mwaka 1870, yaani mwaka mmoja kabla yake, Alfred Bate Richards alikwisha andika The Invasion of England, na Richards huyo alikuwa miongoni mwa watu waliopigania sana kuundwa kwa vikosi vya askari wa kujitolea. Ukirudi nyuma zaidi, katika miaka ya 1803 hadi 1805, Waingereza walikuwa wakichapisha picha na michezo ya kuigiza kuhusu Napoleon akivuka bahari kwa mitumbwi mikubwa na maputo. Hofu ile ilikuwa ya zamani.

Pili, kuficha jina hakukumpoteza. Riwaya yake ya The Dilemma ilipotoka mwaka 1876, ilitangazwa kuwa ni ya mtunzi wa The Battle of Dorking, maana yake wachapishaji walijua kuwa sifa ya hadithi ile inauza hata bila jina. Sababu ya kusahaulika itafutwe kwingine.

#3 Kurasa_za_Kale

Mwalimu, nakushukuru, ila Richards alitangulia kwa tarehe tu. Kitabu chake hakikusomwa na umma, hakikujibiwa na mtu, wala hakikuigwa. Anayeanzisha njia ni yule ambaye wengine wanamfuata, na baada ya Mei 1871 ndipo waigaji walipofurika. Mwaka ule ule vilitoka vijitabu kadhaa vya kumjibu Chesney. Kimoja kilidai kwamba wavamizi walishindwa baadaye huko Tunbridge Wells, kana kwamba vita vya kwenye karatasi vinaweza kurudiwa mpaka matokeo yapendeze.

#4 Afande Mstaafu

Wakuu, mimi nitasema kama mtu aliyefanya kazi ya ugavi jeshini kwa sehemu kubwa ya utumishi wake.

Hadithi hii iliuma kwa sababu imeandikwa na mtu anayejua jinsi jeshi linavyoshindwa. Silaha ngeni za baharini zinapita haraka sana katika masimulizi. Kinachokaa moyoni ni njaa. Vikosi vya kujitolea vinapakiwa kwenye treni, vinasubiri stesheni bila kujua vinakwenda wapi, vinashuka, vinapangwa, vinapanguliwa, na chakula hakifiki kwa sababu hakuna aliyepewa jukumu la kukifikisha. Watu wana moyo wa kupigana, lakini amri zinapingana. Nimewahi kukaa usiku kucha kando ya barabara na askari waliokuwa na risasi za kutosha lakini hawajatia kitu tumboni tangu asubuhi, nikisubiri malori yaliyokuwa yameelekezwa njia nyingine. Niliposoma kurasa zile za Dorking, nilijua kwamba mwandishi naye alikwisha kuuona usiku wa namna hiyo.

Na kweli aliuona. Chesney aliingia katika kikosi cha wahandisi cha Bengal mwaka 1848, na mwaka 1857, wakati wa maasi ya Wahindi dhidi ya utawala wa Waingereza, alikuwa katika jeshi la Waingereza lililoizingira Delhi, ambako alijeruhiwa vibaya. Mwaka 1868 alitoa kitabu kizito kuhusu utawala wa India. Mhandisi anaangalia daraja na kuuliza litavunjikia wapi. Yeye aliiangalia nchi yake kwa jicho hilo hilo, na nadhani wasomaji walilitambua.

#5 BintiShangani

Afande, umeigusa Delhi ukaipita haraka, na mimi naona jibu liko hapo.

Chesney alikuwa upande wa wanaozingira. Aliona mji mkubwa ukivunjwa, wakazi wake wakitolewa, na utawala wa mamia ya miaka ukimalizika katika msimu mmoja. Mtu aliyelishuhudia hilo kwa macho yake, tena akiwa mshiriki, hahitaji ubunifu mkubwa kuugeuza ulimwengu na kuweka London mahali pa Delhi. Hofu ya hadithi hizi inatokana na kujua vizuri kabisa kile ambacho taifa lenye nguvu linamfanyia asiyejiandaa.

Wells alilisema wazi katika sura ya kwanza ya The War of the Worlds mwaka 1898, alipowakumbusha Waingereza habari za watu wa Tasmania walioangamizwa na walowezi wa Kizungu. Chesney hakulisema, lakini liko ndani yake.

Sisi Unguja tunaijua sehemu ya pili ya habari hii. Tarehe 27 Agosti 1896, miaka ile ile ambapo Waingereza walikuwa wakinunua kwa wingi riwaya za London kupigwa mizinga, manowari zao tano zililipiga jumba la Sultani kwa muda usiofika saa moja, na takribani watu 500 wa upande wa Sayyid Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizama bandarini, na milingoti yake ikabaki imesimama juu ya maji kwa miaka mingi, kila aliyepita Forodhani akiiona. Nyumbani kwao ilikuwa hadithi ya peni sita, kwetu ilikuwa milingoti.

#6 Mwalimu wa Kitale

Dada BintiShangani, hoja hii ni nzito, na kwa upande wa Wells ina ushahidi. Kwa Chesney naona unampa mawazo ambayo hakuyaweka kwenye karatasi. Katika hadithi yake kupoteza India ni msiba, wala hasimami hata mara moja kujiuliza India yenyewe ingeuonaje msiba huo. Alikuwa mtumishi wa dola na alibaki hivyo: mwaka 1886 akawa mjumbe wa masuala ya kijeshi katika baraza la Gavana Mkuu wa India, na mwaka 1892 akaingia Bungeni kwa tiketi ya Wahafidhina, jimbo la Oxford, hadi alipofariki mwaka 1895.

#7 BintiShangani

Mwalimu, mtu anaweza kubeba jambo asilolikiri. Kutosimama kwake kujiuliza ndiko kunakonishawishi zaidi.

#8 Nahodha_Mkongwe

Naomba niingie. Je, chanzo cha hofu hii si mkataba wa Zanzibar na Heligoland? Waingereza waliwapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland kilicho karibu na midomo ya mito yao, wao wakapata ulinzi juu ya Unguja na Pemba. Ukiitazama ramani, Wajerumani walipata kituo cha manowari katika bahari inayoelekea Uingereza. Mwandishi yeyote mwenye akili angeogopa.

#9 Kurasa_za_Kale

Mzee Nahodha, shikamoo. Mkataba huo ni wa tarehe 1 Julai 1890, miaka 19 baada ya hadithi ya Chesney, kwa hiyo hauwezi kuwa chanzo chake. Unaweza kuwasaidia watunzi waliokuja baadaye, lakini hata hapo pana utata. William Le Queux alipotoa The Great War in England in 1897 mwaka 1894, wavamizi wake walikuwa Wafaransa na Warusi, na Wajerumani walikuja kuwasaidia Waingereza. Hiyo ni miaka minne baada ya Heligoland kukabidhiwa. Ilipofika 1906, Le Queux huyo huyo akawageuza Wajerumani kuwa adui. Adui alibadilishwa kadiri siasa zilivyobadilika.

#10 Nahodha_Mkongwe

Marahaba. Nimekusikia kuhusu tarehe. Basi nieleze: kama katika miaka ya 1890 adui alikuwa Mfaransa, kwa nini Chesney alimchagua Mjerumani mapema hivyo?

#11 Afande Mstaafu

Mzee, jibu ni Sedan. Tarehe 2 Septemba 1870 Mfalme Napoleon wa Tatu wa Ufaransa alisalimu amri huko pamoja na jeshi lake mbele ya Wajerumani walioongozwa na Prussia, na ulipofika Januari 1871 Paris nayo ilikuwa imeanguka. Jeshi lililosifiwa kuliko yote barani Ulaya lilivunjwa katika wiki chache na taifa lililojua kutumia reli, akiba ya askari na makao makuu yenye mipango. Kwa miaka mingi Waingereza walikuwa wakimwogopa Mfaransa. Vikosi vya kujitolea vilianzishwa mwaka 1859 kwa sababu yake, na ngome kubwa za Portsmouth zilijengwa kwa sababu yake pia. Ghafla yule waliyemwogopa akapigwa na mwingine.

Chesney alikuwa na mtu wa karibu wa kumfafanulia mambo hayo. Kaka yake, Charles Cornwallis Chesney, alikuwa mwanahistoria wa kijeshi, na mwaka huo huo wa 1871 serikali ilimtuma Ufaransa na Ujerumani kuchunguza jinsi miji ilivyozingirwa.

#12 Mkaazi_wa_Surrey

Habari za huko nyumbani. Ninaishi mwendo mfupi kwa gari kutoka Dorking, mji ulio takribani kilomita 35 kusini-magharibi mwa London, na kilima cha Box Hill nakipanda mara kwa mara. Ukisimama ukingoni unauona Mto Mole ukipita kwenye pengo la vilima, na unaelewa mara moja kwa nini Chesney aliipanga safu yake hapo: anayekuja kutoka kusini hana njia nyepesi zaidi ya kupita katika ukingo ule wa chokaa.

Nyuma ya mkahawa wa wageni, hatua chache ukiingia msituni, kuna ngome. Ina kuta nene za zege, milango ya chuma iliyofungwa, na handaki lililojaa majani makavu. Haiingiliki, kwa sababu popo wamefanya makazi humo na wanalindwa na sheria. Ilijengwa katika miaka ya 1890, ikiwa moja ya ngome 13 zilizopangwa kuilinda London, nyingi zikiwa kwenye ukingo huu huu wa vilima. Mara ya kwanza nilipoiona nilikuwa nimekwisha isoma hadithi, na nilihisi ninakanyaga ukurasa. Serikali ilijenga kweli pale ambapo Chesney alionyesha pengo. Ni mtunzi gani mwingine aliyejengewa ngome?

#13 Afande Mstaafu

Ndugu wa Surrey, picha uliyotuchorea ni nzuri sana, lakini tusimpe Chesney zege lisilo lake. Mpango wa ngome zile ulitangazwa na Waziri wa Vita Edward Stanhope mwaka 1889, miaka 18 baada ya hadithi. Ukingo ule ulichaguliwa kwa sababu ndio ukingo uliopo. Afisa yeyote mwenye ramani angeuchagua, akiwemo Chesney mwenyewe. Tena ngome zile zilikuwa maghala ya zana na risasi ambako wale wale askari wa kujitolea wangekusanyika na kuchimba mahandaki, wala hazikuwekewa mizinga mikubwa ya kudumu. Mwaka 1906 mpango wote ukaachwa, kwa imani kwamba jeshi la majini linatosha.

Hata hivyo, nakubali jambo moja. Wazo la maghala hayo, kwamba jembe, sururu na risasi ziwekwe mapema mahali ambapo askari atafikia, ndilo hasa linalokosekana katika hadithi.

#14 Mkaazi_wa_Surrey

Afande, hilo la mwisho ndilo nililokuwa nalitafuta. Sidai kwamba Stanhope aliisoma hadithi akaita mafundi. Ninasema kwamba hadithi ilikifundisha kizazi kizima kuitazama Dorking kama mlango wa London, na kwa hiyo ilipofika 1889 hakuna aliyeona ajabu kulipia mlango huo.

#15 Mhariri_wa_Zamani

Nimefanya kazi katika vyumba vya habari kwa muda mrefu, na naona mnaliacha soko nje.

Hadithi inahitaji mtu wa kuiuza. John Blackwood alipoona jarida linagombaniwa, alikitoa kijitabu cha bei ambayo karani au fundi aliweza kuimudu. Kisha vikaja vijitabu vya kujibu, tafsiri za Kifaransa na Kijerumani, na machapisho ya Marekani na Australia. Gladstone naye, kwa kuikemea, aliitangaza bila malipo kwa wale ambao hawakuwa wameisikia.

Mtazameni Le Queux mwaka 1906. Gazeti la Daily Mail, mali ya Harmsworth, lilipochapisha The Invasion of 1910, njia ya jeshi la Wajerumani ilibadilishwa ili lipite katika miji ambako gazeti lingepata wanunuzi wengi. Nimewahi kukaa kwenye vikao ambako habari ilichaguliwa kwa kuangalia mkoa upi umelala kimauzo, kwa hiyo sishangai hata kidogo. Chesney ndiye aliyeonyesha kwamba hofu inauzika. Waliomfuata walijua kuiuza kila siku, naye akafunikwa na wafanyabiashara wake mwenyewe.

#16 Mwalimu wa Kitale

Mhariri, soko linaeleza wingi wa nakala, lakini halielezi kwa nini hadithi hii bado inasomeka leo wakati Le Queux anachosha. Niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha nne muhtasari wa hadithi zote mbili pamoja na kurasa chache. Le Queux anataja majenerali, tarehe na majina ya vikosi mpaka msomaji anapotea. Chesney anabaki na mtu mmoja ambaye haoni vita vyote. Yuko kwenye moshi, anasikia mizinga, anaambiwa rudi nyuma, na hajui kama wameshinda au wameshindwa.

Kisha inakuja ile nyumba ya Surbiton. Msimulizi anamfikisha nyumbani rafiki yake aliyejeruhiwa, na mtoto mdogo wa nyumba hiyo anauawa na kombora. Askari wa adui wanaingia, wanakula katika nyumba ile, na msimulizi anawasikia wakiwadharau wale waliojaribu kuilinda. Hapo wanafunzi wangu walinyamaza. Msichana mmoja akauliza kwa nini mwandishi hakuwafanya wale askari kuwa wakatili. Nilimwambia kwamba dharau yao inatosha, naye hakuridhika, na mjadala ukaendelea hata baada ya kengele kulia.

#17 BintiShangani

Mwanafunzi wako ana jicho kali, Mwalimu. Askari wale wanakula kwa utulivu kwa sababu wanajiona wako kazini, na ninaamini Chesney aliujua utulivu huo kutoka ndani.

#18 Chembe_ya_Ngano

Salaam kutoka Ujerumani, ninakosoma. Sijaona mtu akitaja kwamba hadithi hii ilichapishwa tena huku mwaka 1940 kwa jina la Was England erwartet, ikitumiwa na watawala wa Kinazi kama propaganda, wakati ambapo uvamizi wa kweli wa Uingereza ulikuwa unapangwa. Hadithi iliyotungwa kuwaamsha Waingereza iliishia mikononi mwa adui, ikawa ya kuwatia moyo waliotaka kuwavamia.

Naona hili linampa Gladstone nafasi ambayo uzi huu umemnyima. Alisema kule Whitby kwamba maandishi ya namna hii huvuka mipaka na kuifanya nchi ionekane kichekesho mbele ya dunia, na kwamba mwisho wake ni kutumia fedha zaidi za umma. Tunamtaja kana kwamba alikuwa mzee asiyeelewa fasihi, lakini kwa hilo la kuvuka mipaka aliona mbali kuliko mtunzi.

#19 Afande Mstaafu

Kwa heshima, hapana. Kama udhaifu upo, adui aliyejiandaa anaujua kabla hadithi haijachapwa. Mwaka 1871 maafisa wa Prussia hawakuhitaji jarida la Edinburgh kuwaambia kwamba Uingereza ina karakana moja kuu ya silaha. Ambaye hakujua ni mlipa kodi wa Uingereza, na huyo ndiye Chesney aliyemwandikia. Yeye mwenyewe alimweleza Blackwood, kabla ya kuandika, kwamba hadithi ya uvamizi ingekuwa njia yenye manufaa ya kuifanya nchi itambue haja ya kulipanga jeshi upya.

#20 Mhariri_wa_Zamani

Na je, lilipangwa upya kwa sababu yake? Waziri wa Vita Cardwell alikuwa tayari na muswada wa kukomesha biashara ya kununua vyeo vya uafisa, na ulikuwa umeshafikishwa Bungeni kabla ya hadithi kutoka. Mambo yalipokwama katika Baraza la Mabwana, vyeo vya kununua vikafutwa kwa amri ya kifalme mwezi Julai 1871. Mageuzi yalikuwa njiani. Hadithi ilipanda treni iliyokwisha kuondoka.

#21 Kurasa_za_Kale

Nimefurahi kwamba mmeniletea mambo mengi kuliko niliyouliza. Sasa naona maelezo manne ambayo hayakai pamoja kirahisi: ujuzi wa mhandisi, kumbukumbu ya Delhi, mshtuko wa Sedan, na soko la peni sita. Mhariri, hoja yako ya Cardwell ina nguvu, lakini kufuta ununuzi wa vyeo hakukugusa lile ambalo hadithi ililililia zaidi, yaani askari wa kujitolea wasio na mafunzo wala ugavi.

Kuna jambo jingine ambalo halijaguswa. Mwaka huo huo wa 1871 Chesney alianza kukiongoza chuo kipya cha wahandisi wa India kule Cooper's Hill, karibu na Mto Thames, chuo alichokuwa amekipendekeza yeye mwenyewe, naye akabaki mkuu wake hadi 1880. Mtu huyu alikuwa akiwashawishi wakubwa kuhusu chuo huku akiwashawishi wananchi kuhusu jeshi. Je, tunamsoma kama mtunzi wakati yeye alijiona mtumishi aliyekosa njia nyingine ya kusikilizwa?

#22 Mwalimu wa Kitale

Kama ndivyo, tuelezee The Dilemma. Ni riwaya ndefu ya mapenzi na vita yenye mazingira ya maasi ya 1857, iliyotoka wakati chuo kikiendelea vizuri na mageuzi ya jeshi yakiwa yamepita. Mtumishi anayetafuta kusikilizwa hahitaji juzuu za mapenzi. Alikuwa na hamu ya kutunga.

#23 BintiShangani

Na alipopata nafasi ya kutunga lolote alilotaka, alirudi 1857.

#24 Afande Mstaafu

Dada, hapo umenibana. Nitaisoma The Dilemma nzima kabla ya kukujibu, hasa sehemu za kuzingirwa, nione kama jicho lake liko ndani ya boma au nje yake.